Kuku Ametembea Kabla Yangu

Kolwezi, 11 Novemba

Nimeanguka. Si kutoka juu ya mti, wala katika shimo la watu wa kobalti. Nimeanguka nikiwa nimesimama, uani kwangu, mtaa wa Manika, nikitoka kuoga, kwenye ile saruji yenye utelezi ambayo kila msimu wa mvua namwambia mwanangu Kabemba aisugue. Nilisikia kitu kikikatika kabla sijafika chini. Nasema kabla. Hakuna anayeniamini, lakini mwenye mguu ni mimi.

Naandika kwa penseli, nimelala chali hospitalini, daftari juu ya tumbo. Maisha yangu yote ya kazi niliwafundisha watoto wa mwaka wa pili kuandika wakiwa wamekaa wima. Wangeniona leo wangenicheka. Mguu wa kushoto umekuwa mfupi kuliko wa kulia, na wayo umelala upande wa nje. Nauamuru usimame, hautii.

12 Novemba

Daktari anaitwa Beya, kijana mwembamba mwenye miwani. Ameinua picha ya mifupa yangu dirishani ili nami nione.

“Mama Domitille, mufupa ya paja imekatika huku juu, ku shingo yake, karibu na nyonga. Hapa haiungake na kufungwa plâtre inje. Inaomba opération, tena haraka, mu hii juma. Batakufanyia Lubumbashi.”

Akaniuliza kama nimewahi kuvunjika mfupa mwingine. Nikamwambia kifundo cha mkono, mwaka juzi, nilipokuwa nafunga sanduku la nguo. Akauliza kama nimepungua urefu. Kabla sijafungua kinywa Noëlla akajibu kwamba nguo zangu zote amezikunja upindo upya, kwa sababu zilianza kuburuta chini. Noëlla ni binti yangu wa kwanza, anauza vitambaa sokoni, na anaamrisha dunia nzima. Niliona aibu. Daktari akasema mifupa ya mwanamke ikizeeka inabaki na matundu ndani kama mkate, na kuvunjika hakuhitaji ajali kubwa.

Noëlla ameshaanza kutafuta gari la Lubumbashi.

13 Novemba

Kabemba amefika kutoka Mutoshi, tope mpaka magotini. Ndiye kitinda mimba wangu, anachimba huko na vijana wenzake, na kwa miaka kadhaa sasa nyumba yetu inakula kwa mikono yake. Alipoingia wodini alilia wazi, mbele ya wagonjwa wote.

Nieleze hapa jambo la mguu wake, maana ndilo lililoamua jambo la mguu wangu. Wakati mmoja, miaka iliyopita, udongo ulimwangukia shimoni ukamvunja muundi. Hospitali moja ikasema ukatwe. Tukamtoa, tukampeleka kwa Tata Mukuna, mzee kutoka Kasaji anayeishi ng'ambo ya reli, anayeunga mifupa. Leo Kabemba anashuka shimoni kwa mguu huo huo.

Alikunja suruali, akaweka mguu juu ya kitanda changu. “Docteur, gusa hapa.”

Daktari aligusa kile kifundo kigumu katikati ya muundi. Hakudharau. “Imeunga muzuri sana. Lakini hii ni muundi, tena ya kijana. Ya mama ni ingine.”

“Mufupa ni mufupa, docteur.”

“Kabemba, nyamaza!” Noëlla alisema. “Hii muguu haitaunga vile. Umesikia docteur?”

“Weye njo hautaki iunge.”

Wakanitazama mimi. Nilifikiria barabara ya Lubumbashi kwenye mvua, kisu, na misumari ndani ya nyama yangu. Kisha nikautazama ule muundi juu ya shuka. Nilisema, “Munipeleke kwa Mukuna.” Nilikuwa na akili zangu timamu.

15 Novemba

Jana walinirudisha nyumbani, na leo Tata Mukuna amekuja mwenyewe. Ni mtu mdogo wa umbo, mikono baridi, haongei sana. Alinipapasa paja huku amefumba macho, akauvuta mguu mpaka nikauma kona ya kitenge, akaufunga kwa majani ya moto na fito za matete. Kisha akaomba kuku wa nyumba hii.

Kabemba alimchagua mtetea mwekundu, mchanga, ambaye hajaanza kutaga. Mzee akamshika mguu wa kushoto, akauvunja kwa vidole viwili. Mlio ulikuwa ule ule niliousikia uani. Akamfunga kwa majani yale yale na vijiti vidogo vya matete, akamlaza kwenye kikapu miguuni pangu.

“Dawa ni moja,” akasema. “Siku kuku itatembeya, na weye mama utatembeya. Njo utaibeba mu mikono yako, kwa miguu yako, mpaka kwangu. Mutu mwingine asiibebe, na mutu asiichinje. Ukichinja kuku, umechinja muguu.”

Mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, na sikuona kikwazo. Rozari iko mkononi, kuku yuko kikapuni. Noëlla hakuja.

16 Novemba

Maumivu. Mvua.

20 Novemba

Sitaki mengi. Nataka kujiendea chooni mwenyewe, basi. Mengine yote nawaachia vijana.

Anayenishughulikia ni Mignonne, mke wa Kabemba. Nimemsema sana huyu msichana, kwamba ni mvivu, kwamba kazi yake ni simu na kusuka nywele. Sasa asubuhi ananiwekea beseni chini, ananisafisha akitazama ukuta ili nisione haya, kisha anatoka bila neno. Siku ya kwanza nilidhani amenuna.

24 Novemba

Kuku amekula mahindi. Mimi nimekula matonge mawili ya bukari.

30 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Bati linavuja upande wa kuku, wamemhamisha. Mimi sihamishiki.

3 Desemba

Leo kuku amegusisha ukucha chini. Kabemba alipiga makofi kama amefunga goli. Sasa wageni wakiingia wanamtazama kuku kwanza, ndipo wananisalimia. Hata mimi nimeanza kumsalimia. Kikapu kikitikisika, moyo unanienda mbio. Kama yeye anaunga, nami naunga. Ndivyo ninavyojiambia, na paja linaniambia mengine.

8 Desemba

Kuku ametembea.

Tata Mukuna alimfungua asubuhi. Alichechemea hatua chache, akajikung'uta, akaenda zake chini ya kitanda kutafuta punje. Majirani walijaa mpaka mlangoni, bamama wengine wameshika sufuria na vijiko tayari kwa shangwe. Kisha mzee akanifungua mimi. Nilitazama. Mguu ulikuwa mfupi vile vile na wayo umelala nje vile vile, ila sasa paja limekonda. Mukuna aliona. Nilimwona akiona.

Kabemba akanishika kwapa la kushoto, mzee la kulia.

“Simama, mama. Usiogope. Umeshaunga.”

Nikasimama kwa mguu mzima. Kisha wakaniambia nikanyage kwa huu. Nikakanyaga. Mfupa ulipanda ndani ya nyama, nikausikia ukisaga, na sauti iliyonitoka sikuijua kuwa ni yangu. Nilijikojolea mbele ya watu wa mtaa wote, mbele ya watoto wawili niliowafundisha ambao sasa ni wazee wa parokia. Hakuna aliyepiga sufuria. Mignonne ndiye aliyevua kitenge chake cha juu akanifunika.

Tata Mukuna alipapasa nyonga yangu kwa muda mrefu. Alipofungua macho hakumtazama mtu. “Miye kazi yangu imeisha. Kuku inatembeya. Kama kuku inatembeya na mama hatembeye, kuko mutu anamushika.”

Akatoka. Mvua ikaanza, watu wakatawanyika, na yule kuku akaruka kitandani akakaa karibu na goti langu, akidonoa manyoya yake.

9 Desemba

Siku nzima nyumba imeuliza swali moja. Nani anamshika mama, nani anamloga? Kwanza walinong'ona uani, halafu wakaacha kunong'ona. Kufika jioni walikuwa na jina. Nani alisema mguu hautaunga? Nani hajakanyaga hapa tangu kuku aingie? Kabemba alikuja kuniambia jina hilo ameinamisha kichwa.

Nikamwambia, “Ni dada yako.”

“Njo maana anaweza, mama. Mutu wa inje angekushika na nini?”

10 Desemba

Noëlla alikuja. Nilisikia sauti yake langoni, nikasikia lango halifunguki.

“Fungua, Kabemba. Nimeletea mama machungwa.”

“Fungua weye kwanza. Fungua muguu ya mama.”

“Mi nifungue na nini? Nilisemaka tu vile docteur alisema.”

“Ulisema haitaunga. Na haikuunga. Ni kinywa yako.”

“Kabemba, ni miye nilikubebaka mu mugongo.”

“Nilikuwa sikuyue weye ni nani.”

Nilipiga kelele kutoka kitandani. Kilichotoka ni kikohozi, kifua kimeanza kunibana kwa kulala sana. Hatua kumi kutoka hapa hadi langoni, na sikuweza hata moja. Nilimchukia mwanangu. Naliandika neno hilo nikijua maana yake. Wakati ananitupia neno la kunituliza kupitia dirishani, nilimchukia, na kumchukia mtu anayekulisha ni jambo gumu sana.

Machungwa aliyaacha nje ya lango. Watoto wa jirani waliyaokota, wakakatazwa kuyala.

25 Desemba

Krismasi. Majani ya sombe na samaki. Kengele za kanisa nimezisikia kwa mbali. Noëlla hakuja, na hakuna aliyemtaja.

2 Januari

Mignonne aliponigeuza leo alisimama kidogo. Kisha akasema, na nadhani ndiyo mara ya kwanza anasema jambo lote mpaka mwisho mbele yangu: “Mama, huku nyuma nyama imeoza. Nilikuwa naficha, nilizani itapona. Sifiche tena.”

Nilikuwa nimeshaisikia harufu. Nilidhani ni ya kuku.

6 Januari

Kabemba alipanda Mutoshi alfajiri. Gari lililombeba lilipopotea tu, Mignonne akampigia simu Noëlla. Akaja na dereva na kamionneti ya mizigo, wakanibeba na godoro. Noëlla amekonda. Hakuniuliza kitu, mimi sikumwambia kitu, nilimshika mkono njia nzima, na kila shimo la barabara nilimminya.

Daktari Beya hakunigombeza. Nilijiandaa kugombezwa, ningejibu vizuri. Alipiga picha nyingine, akaiinua dirishani pale pale pa siku ile.

“Mama, kichwa ya huu mufupa inalishwa na mishipa midogo yenye inapita ku shingo. Shingo ikikatika, kichwa inakosa damu. Inakufa, hata kama mutu eko muzima. Kuku haikukatika hapa. Kabemba hakukatika hapa.”

“Na Lubumbashi?”

“Novemba ningesema twende. Sasa kuko hii kidonda, na kifua. Na ku miaka yako nyama inapungua mbio mutu akilala. Hakuna munganga atafungua.”

“Nitatembea?”

“Hapana, mama.”

Nilimshukuru. Kwa majuma mengi ndiye mtu wa kwanza kunijibu bila kumtazama kuku. Noëlla alitoka ukumbini akalia, akarudi amenawa uso akaanza kuamrisha manesi.

19 Januari

Nimerudishwa nyumbani na dawa za kidonda. Kabemba alikuta kitanda kitupu siku ile, akamfokea Mignonne mpaka majirani wakaingia. Leo nimemwambia maneno ya daktari, neno kwa neno. Alisikiliza amechutama mlangoni.

“Kuku inatembeya, mama,” akasema. “Tutangojea. Mwenye anakushika atachoka.”

Halafu akatoka, akachukua kiti cha plastiki, akakikata tundu katikati kwa kisu cha moto, akausugua ukingo kwa jiwe mpaka ukawa laini usinichubue. Akaniketisha mwenyewe. Mikono ile ile iliyofunga lango. Sijui nimfanye nini mtoto huyu.

27 Januari

Kuku ameanza kutaga, chini ya kitanda changu. Kabemba amekataza mayai yasiliwe.

28 Januari

Mvua.

4 Februari

Yai lingine.

9 Februari

Nimesikia jambo. Mignonne amenieleza akipepeta mchele, bila kuinua macho. Kabemba amezungumza na mtu mmoja wa maombi, mwenye kundi lake kule juu. Jumapili baada ya ibada watamchukua Noëlla sokoni, watamleta hapa uani, akiri mbele ya mtaa. Vijana wa Mutoshi watakuwapo, ili asikimbie.

Najua mambo hayo yanavyokwisha. Alikuwako mama mmoja muuza mkaa mtaa wa nyuma, aliletwa uani hivyo hivyo ili akiri. Duka lake lilichomwa, na yeye hayupo tena.

Nimewaza siku nzima. Nikimkataza Kabemba, atasema ni anayenishika ndiye anayesema kwa kinywa changu. Nikimwita padri, atapigiwa magoti, kisha Jumapili itafika tu. Maneno hayawezi kumshinda, kwa sababu ushahidi wake unapita mbele yake kila asubuhi ukidonoa punje. Maadamu huyu kuku anatembea, lazima awepo mwenye kosa.

10 Februari, Jumamosi

Asubuhi kuku aliingia chini ya kitanda kutaga, kama kawaida yake. Nilishusha mkono, nikamsubiri. Amenizoea. Nilimshika mabawa nikamvuta kifuani, nikamwomba Mignonne kisu.

Mignonne alirudi nyuma. “Mama, hapana. Tata Mukuna alisema.”

“Muguu yangu ilishakufa, mwanangu. Leta kisu na bakuli.”

Alileta, akaniketisha. Nilimchinja mwenyewe, nimekaa kwenye kiti changu cha tundu, na damu haikuvuka bakuli. Moyo wa kuku ulikuwa unapiga haraka kwenye kiganja changu, na niliumia, maana ndiye aliyenikaribia kuliko watu wengi msimu huu. Nikamwambia Mignonne ampike na vitunguu, halafu ampigie Noëlla, amwambie mama anataka kula na watoto wake wote wawili.

Noëlla alifika kwanza. Kabemba alipoingia, akamwona dada yake, akaiona sufuria, aliangalia chini ya kitanda, akaelewa. Nilidhani atanipiga. Alikaa chini sakafuni kwa uzito, kama mtu aliyekatwa miguu.

“Mama, umefanya nini? Umejimaliza.”

“Sogea hapa.”

Nilikuwa nimeutoa mguu wa kushoto wa kuku kwenye mchuzi, nikausafisha kwa meno na kitambaa mpaka mfupa ukabaki mweupe. Katikati yake paliungwa, pana kifundo kidogo kigumu. Nikamwekea mkononi.

“Gusa. Umesikia?”

“Ndiyo.”

“Gusa muundi yako.” Akagusa, chini ya suruali. “Ni moja?”

“Ni moja.”

“Tata Mukuna anayua kazi yake. Sasa lete mukono.”

Nikauchukua mkono wake, nikauweka kwenye nyonga yangu, nikausogeza mguu kidogo. Nilijua itauma kiasi gani. Aliisikia ile ncha ikicheza ndani, upande na upande, haijashikwa na kitu. Alitaka kuutoa mkono, nikaukandamiza.

“Kuko kifundo hapa?”

“Hapana, mama.”

“Kuko mutu ananishika?”

Alimtazama dada yake.

“Kabemba. Hapa hakuna chenye kinashika kingine. Njo ugonjwa yenyewe. Mifupa yangu imezeeka, mwanangu, na miye nimezeeka pamoja nayo. Dada yako hakufanya kitu. Kesho ukimuleta mu uwanja, utaniweka na miye karibu yake, na hii kiti.”

Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, mfupa wa kuku mkononi. Noëlla hakumkumbatia. Hakumsamehe, niliona, na sikumwomba amsamehe. Alichukua sahani, akapakua, akampa ya kwake chini pale alipokaa, akasema kuku hana chumvi ya kutosha.

11 Februari

Jumapili imepita. Hakuna aliyekuja uani.

26 Februari

Kidonda hakifungi. Homa jioni. Mignonne ananigeuza kila mara, na nimemwomba msamaha kwa yale niliyomsema. Amesema hakuyasikia. Alisikia yote.

3 Machi

Leo ule mfupa umepelekwa kwa Tata Mukuna. Nilitaka auone. Nilikuwa nimeagizwa nimpelekee kuku kwa miguu yangu. Nimetuma kilichobaki, kwa miguu ya wanangu. Walikwenda wote wawili kwenye mvua, Noëlla mbele, Kabemba nyuma, bila kuongea, na wakarudi hivyo hivyo.

Noëlla amenisimulia. Mzee aliugeuza mfupa kwenye kiganja, akaupitisha kidole kwenye kifundo, macho amefumba. Walimweleza maneno ya daktari. Kisha akauliza swali moja, ambalo hakuwa ameliuliza siku ile ya kwanza, wala mtu mwingine nyumbani hakuwa amelifikiria.

“Mama eko na miaka ngapi?”

Kabemba hakujua. Noëlla ndiye aliyemjibu.